Ada ya mwezi kwa mkulima wa msimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila ikifika tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, magazeti yanawahimiza wazazi wasiwafiche watoto wao ndani. Wasiwafiche, naunga mkono. Mimi naulizia upande wa daftari: wakishawatoa, nani analipa?

Mke wangu ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, amesomea hospitali ya KCMC kule Moshi. Mimi nilikuwa karani wa ghala la korosho, na sasa natunza hesabu za kituo chetu kidogo hapa Chikongola, Mtwara mjini. Mambo ya usonji anayajua yeye. Mimi najua fedha inavyoingia na, mara nyingi zaidi, isivyoingia.

Kazi yenyewe ni mtoto mmoja, mtaalamu mmoja, mkeka mmoja, saa nzima. Juzi nilimtazama akimfundisha mtoto wa miaka mitano kuomba maji. Mtoto haongei. Mbele yake kuna kadi yenye picha ya kikombe. Kikombe chenyewe kiko mkononi mwa mke wangu. Mtoto analia, ananyoosha mkono akipokonye. Mke wangu kimya, hasemi neno. Mama amekaa nyuma ya mtoto, anamshika kiganja taratibu mpaka kwenye kadi. Akiitoa kadi anapewa funda la maji. Funda moja tu, wanaanza upya. Saa ilipokaribia kwisha mtoto aliiokota kadi mwenyewe, bila kushikwa, akampa mke wangu. Mama akapiga kigelegele, mimi nikaandika shilingi 15,000 kwenye safu ya madeni.

Kazi ya namna hiyo huwezi kuiongezea kasi ili upate zaidi. Watoto watano kwa siku ndio mwisho wa nguvu zake, tena wakija wote. Mtoto anayekuja mara mbili kwa wiki anamgharimu mzazi 120,000 kwa mwezi, nauli bado. Na wazazi wetu wengi ni wakulima wa korosho, wanatoka Nanguruwe, Nanyamba na vijiji vya huko. Minada ikifunguliwa Oktoba na fedha zikaanza kuingia benki, Novemba na Desemba kituo kinajaa, hata madeni ya nyuma yanalipwa. Ikifika Machi namsikia mke wangu akifagia chumba ambacho hakijachafuka. Machi hiyohiyo ndiyo awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio. Mwenye nyumba naye anataka pango la mwaka kwa mkupuo. Msaidizi anataka mshahara kila mwisho wa mwezi, na ana haki. Tuliyemfundisha mwanzo alipoiva alichukuliwa Dar es Salaam, na simlaumu. Benki inataka hati ya nyumba. Wanaokopesha bila hati ni wale wa kausha damu, na hao nimeapa hawatanikanyagia kizingiti.

Wapo wazazi wanaotaka kulipa mwaka mzima fedha ya korosho ikiwa bado ya moto. Wengi nawakatalia. Fedha ya mwaka ikikaa kwenye kituo chenye madeni haifiki Julai. Mtoto atakuja, ada yake itakuwa imeshalipa pango.

Mtoto aliyekwisha kuanza kuomba maji kwa kadi, akikaa miezi nyumbani bila mazoezi, mara nyingi anarudi nyuma. Mama anafundishwa kuendeleza nyumbani, lakini siku za kupalilia na kuokota yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachwa kwa bibi. Kwenye pengo hilo ndipo wanapoingia wauza uponyaji. Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Mke wangu akiulizwa, "Dokta, ataongea lini?" anajibu kwamba hawezi kuahidi; wengine huongea, wengine hujifunza kuwasiliana kwa njia nyingine. Jibu hilo ni la kweli, na kibiashara ni hasara. Chupa ya mafuta yenye ahadi ya siku arobaini inalipiwa taslimu, sisi tunakopwa.

Nitaambiwa kuna bima. Bima hulipa kituo kilichosajiliwa, na sisi tulipoanza kufuatilia usajili tulizungushwa. Ofisi moja ilituona shule kwa kuwa tuna watoto na kadi za picha. Nyingine ikasema hiki ni kituo cha kulelea watoto mchana, twende ustawi wa jamii. Ya tatu ikauliza kitanda cha mgonjwa kiko wapi. Tuna mkeka. Na mwaka 2023, usajili wa mtoto mmoja mmoja wa Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya watoto iliyokuwa ya shilingi 50,400 kwa mwaka, uliposimamishwa na watoto wakatakiwa kusajiliwa kupitia shule, wengi wa watoto wetu hawakuwa na shule ya kuwasajili. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka huohuo. Ningependa wanaopanga vitita vya huduma za bima waseme waziwazi kama saa moja ya mkekani imo au haimo, ili sisi wa daftari tujue.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali, si ya kufanyia biashara. Siwapingi. Lakini mzazi wa Nanyamba ana mtoto leo.

Ombi langu ni kwa vyama vya msingi vya ushirika. Tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala na mnada, ianze, mkulima wa korosho amezoea makato kwenye kila kilo, mengine hayajui hata yanakwenda wapi. Mzazi anayetaka, kwa hiari na kwa sahihi yake, akatwe ada ya mtoto wakati wa malipo ya mnada. Fedha isije kwangu. Ikae kwenye akaunti ya chama, kituo kilipwe mwisho wa mwezi kwa idadi ya saa ambazo mzazi ametia sahihi kwamba mtoto alihudumiwa. Mtoto akiacha, salio linarudi kwa mzazi. Nimekaa ghalani, nimeandika stakabadhi za tani na tani. Hesabu hii ni ndogo kuliko ya magunia.

Wazazi walioko kwenye vyama hivyo waombe ombi hili lipewe nafasi kwenye ajenda ya mkutano mkuu kabla ya Oktoba. Wakihitaji daftari la mfano nitawapelekea, majina ya watoto nikiwa nimeyafunika.

Mtunza hesabu,
Chikongola, Mtwara