Barua ya wazi kwa wanangu mnaoandika riwaya za mapenzi: Mombo hakuanguki theluji

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na imelala nami siku nane bila kupoa. Jumamosi ya wiki iliyopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa kitabu upande wa Mikocheni. Ukumbi ulipambwa vitambaa vya zambarau, keki ilikuwa ya ngazi tatu, mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili tukamsubiri kwa muziki. Mwandishi ni binti wa miaka ishirini na sita, na hicho ni kitabu chake cha kwanza: riwaya ya mapenzi ya mji mdogo. Nilinunua nakala kwa shilingi 20,000 nikaanza kuisoma ndani ya daladala kabla hatujafika kituo cha Morocco. Ukurasa wa kwanza theluji inaanguka. Ukurasa wa tatu kijana aitwaye Ethan anaegesha pikapu mbele ya duka la keki la Emily. Ukurasa wa tisa anaingia sherifu, yule mkuu wa polisi wa Kimarekani.

Mwandishi huyu kazaliwa Mombo, mkoa wa Tanga.

Simtaji jina, na anayemjua namwomba asimtaje, maana simwandikii yeye peke yake. Tangu mwaka huu uanze nimeletewa miswada sita ya vijana wanaotaka kuandika mapenzi ya mji mdogo. Minne kati yake ina theluji, au majani yanayogeuka rangi kabla ya baridi, au mkahawa ambao mhudumu anakujazia kikombe bila kuombwa. Walioiandika wametoka Kilosa, Muheza, Makambako na Kondoa. Nilifanya kazi ya uhariri miaka thelathini na minne, na tangu nistaafu nasoma miswada ya vijana hapa barazani kwangu Magomeni, bila malipo, kwa kuwa naipenda kazi hii na nawapenda ninyi. Ningekuwa siwapendi ningekula keki nikaenda zangu kulala.

Riwaya ya mapenzi ya mji mdogo hatukuibuni sisi, na hilo si kosa. Nilipokuwa msichana bwenini tulipokezana vile vitabu vyembamba vya Kiingereza mpaka majalada yakanyofoka: vya Mills & Boon, kampuni iliyoanza London mwaka 1908, na vya Harlequin ya Kanada, iliyoanza Winnipeg mwaka 1949. Nilivisoma kwa tochi chini ya shuka. Waandishi wa Marekani wameichukua kazi hiyo wakaipeleka kwenye miji yao midogo, na kanuni zao ni nzuri, zishikeni. Mtu aliyekimbilia jijini anarudi nyumbani. Kuna duka au shamba la familia linalotaka kufa. Kuna majirani wanaojua kila kitu. Mapenzi ndiyo mhimili wa hadithi, na mwishoni msomaji anafunga kitabu moyo umetulia. Kisha kitabu cha pili kinamchukua yule jirani aliyepita kwa mbali katika cha kwanza, na cha tatu kinamchukua dada yake, hivyo hivyo mpaka mji mzima umepata wenza. Ila wao wana theluji kwa sababu theluji inawaangukia. Walichungulia madirisha yao wakaandika walichokiona. Ninyi nanyi mmechungulia madirisha yao.

Sasa niwaambie kinachoniuma hasa. Binti huyu alikuja kwangu mwaka jana na mswada ule ule. Nikausoma, nikauweka pembeni, nikamuuliza, "Mwanangu, hebu niambie, kwenu Mombo watu hupendanaje?" Akacheka. "Bibi, Mombo hakuna mapenzi, kuna joto na mabasi tu." Nikamwongezea chai. Tukiwa tunakunywa, bila kujua kwamba anasimulia, akaanza kunieleza habari za mama yake mdogo.

Mama mdogo huyo alikuwa akiuza mapeasi stendi. Anayeijua Mombo anajua: barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita chini ya milima, njia ya Lushoto inachepuka hapo kupanda Soni, na basi likisimama tu wauzaji wanalizingira, mabeseni vichwani, mikono madirishani. Kulikuwa na dereva wa basi la Lushoto, mgane, mtu wa maneno machache. Kila siku alisimama mahali pale pale, chini ya mkungu. Siku moja mvua kubwa ikanyesha. Dereva akaupita mkungu, akasogea mbele hatua kama ishirini, akasimamisha basi sambamba na kibanda alichojikinga mama mdogo, ili abiria wanunue bila yeye kutoka mvuani. Ni hilo tu. Hakushuka, hakusema neno. Abiria hawakuelewa kitu, lakini stendi nzima ilielewa. Mama mdogo alipofika nyumbani jioni alikuta kaka yake ameshajua, na mama lishe wa pale stendi alikuwa ameshatoa hukumu kwamba dereva anafaa ila miguu yake myembamba.

Miezi ikapita, dereva akatuma mshenga. Hakuwa na ndugu karibu, akamtuma konda wake, kijana wa miaka ishirini na mbili. Ukoo ukaona umetukanwa, barua ya posa ikarudishwa haijafunguliwa. Kesho yake mama mdogo akaenda stendi amejitanda kanga mpya iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati", akasimama upande wa dirisha la dereva mpaka akahakikisha ameisoma. Haukupita muda tajiri akauza basi, dereva akaenda kushika gari la njia ya mbali. Miaka miwili baadaye, adhuhuri moja, akashuka pale stendi kama abiria, begi mkononi.

Hapo simu ya binti ikalia. Akasimama, akaaga. Nilimfuata hadi mlangoni nikimwambia, "Hiyo ndiyo riwaya yako. Andika hiyo." Akasema, "Sawa, Bibi." Mwaka mmoja baadaye akachapisha nakala 500 za Ethan na Emily.

Wanangu, hebu itazameni hadithi ile ya mapeasi. Kila kizuizi kilichomo kimetoka mjini pale pale: mvua, kibanda, konda, kaka mwenye hasira, tajiri mwenye basi. Jiji lina pa kuwaficha wapenzi, mji mdogo hauna. Hapa Dar watu wawili wanaweza kukutana Kariakoo miezi sita na asijue hata mwenye nyumba wao. Kilosa hawawezi kukutana mara mbili. Kwa hiyo kabla hamjaandika sura ya kwanza jiulizeni: nani atawaona? Muuza genge? Fundi cherehani ambaye kibaraza chake kinatazama njia panda? Katekista? Bodaboda aliyempakia binti na kuona hakushukia kwao? Wanawake wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, wanaokutana Jumatano? Na akishaona atamwambia nani kwanza, na habari itamfikia mama wa msichana saa ngapi? Sita kati ya sita ya miswada ile haikuweza kunijibu. Mji umewekwa kama picha ya ukutani nyuma ya watu wawili wazuri wanaotazamana.

Na lugha. Hapa nitakuwa mkali. "Moyo wake uliruka pigo." "Alihisi vipepeo tumboni." "Alizungusha macho yake." Nimeyasoma haya, Kiingereza kilichotafsiriwa neno kwa neno, katika mswada baada ya mswada, mpaka nikaogopa kwamba hamjawahi kumsikia mtu mzima wa kwenu akizungumza habari za mapenzi. Hakuna bibi wa Muheza aliyewahi kupata vipepeo tumboni. Moyo ulimwenda mbio. Mwili ulimsisimka. Tonge halikumpita kooni. Akitumwa chumvi alirudi na kiberiti, na mama yake akajua. Katika kitabu kile cha keki, Emily anakutana na mama mzazi wa Ethan kwa mara ya kwanza na kumwita Susan. Kwetu kijana akikutana gengeni na mama wa binti anayempenda ataficha nyuma ile nusu kilo ya nyama aliyotaka kumpelekea huyo binti, atainamisha kichwa, na "shikamoo mama" itamkwama. Mama ataitikia "marahaba" kwa sauti ya kumchunguza. Andikeni hapo kurasa mbili, wala msiharakie kumfanya mtu aseme "nakupenda". Neno hilo kwetu ni zito, watu wanakaa ndoa ya miaka arobaini wamelisema mara tatu, ilhali kila siku wanaachiana kipande cha mwisho cha samaki.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe. Mwaka 1971 alipotoa riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, hakuitafutia kisiwa cha Ulaya, aliiweka Ukerewe na uchungu wake wote. Wakubwa waliikataza shuleni kwa muda. Si riwaya ya kumtuliza mtu moyo, nayo si mfano wa namna ya kuandika mnachotaka kuandika ninyi. Namtaja kwa jambo moja tu: alikuwa kijana kama ninyi, na hakuona haya ya kwao.

Haya hiyo mmeitoa wapi? Nawageukia wazee wenzangu, maana watoto hawakuzaliwa nayo. Mtoto akifika Dar akasema anatoka Kondoa anaitwa wa kuja, na sisi tunacheka naye. Mwalimu akimkuta na kitabu cha mapenzi anakichana mbele ya darasa, kisha tunashangaa kwamba taifa halisomi. Wachapishaji wameishi miaka mingi kwa vitabu vya shule, riwaya inasubiri kwenye foleni mpaka mwandishi anachoka. Jirani anayechangia harusi laki mbili bila kunung'unika anaona shilingi elfu kumi ya kitabu ni nyingi, anaomba atumiwe bure kwenye simu, na akishatumiwa anakigawa kwenye kundi la watu mia mbili. Huo ni wizi, na tumeuzoea mpaka tunauita kupeana.

Na kuna kosa jingine letu, la ndani zaidi. Hatukuwasimulia tulivyopendana. Tuliwasimulia mahari, ugomvi wa mashemeji na jinsi tulivyovumilia. Wajukuu wangu hawajui kwamba babu yao aliniandikia barua kutoka Tabora kila wiki mbili kwa mwaka mzima, na kwamba nilizificha ndani ya mto wa sufi mama asizione, nikilala usiku nazisikia zinakwaruza. Nimewaambia leo, kwenye barua hii, na nina miaka sabini na mmoja. Mtoto asiyesikia hayo nyumbani atayachukua Netflix, atayachukua wapi kwingine?

Mengine nayasema haraka. Malizeni kitabu kabla ya kutangaza jalada. Simulizi za WhatsApp za "itaendelea" na "lipia elfu moja nikutumie yote" zinafundisha kumshika msomaji, hazifundishi kumaliza. Ziandikeni, ila mwisho uwe umeshaandikwa kabla sehemu ya kwanza haijatoka. Mswada asome mtu wa mji huo huo. Mlipeni mhariri kabla ya mpiga picha: katika kitabu kile dada wa Emily ana majina mawili. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ulizeni pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, msimpe mtu hela ya kuwaendea. Hakimiliki muijue, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Mkataba msiusaini siku mliyoletewa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023 na ina nafasi ya riwaya: pelekeni kazi. Msikope kuchapisha. Nendeni kwenu mkakae stendi siku nzima na daftari, simu mkaiache nyumbani.

Binti yangu wa Mombo, najua utaisoma barua hii, na najua itakuchoma. Jumamosi ile, watu walipokwenda kwenye keki, nilikuona umebaki peke yako pale mezani ukizipanga upya nakala ambazo hazikununuliwa. Nilitaka kuja kukukumbatia, hasira ikanizuia. Nisamehe kwa hilo. Umeandika kurasa 212 alfajiri kabla ya kwenda kazini, na asiyewahi kufanya hivyo hajui ni kazi gani. Mkono wa kuandika unao.

Siku ile ulipoondoka kwangu nilichukua kalamu nikaandika yote uliyonisimulia, nyuma ya bahasha kubwa ya picha ya eksirei ya goti langu. Inaishia pale dereva anaposhuka na begi. Sijui mama mdogo alikuwa wapi saa ile, beseni lilikuwa kichwani au chini, nani wa stendi alimwona dereva kwanza na alimpigia nani kelele. Njoo uniambie. Jumamosi nipo barazani tangu saa tatu asubuhi.

Bibi yenu,
Magomeni, Dar es Salaam