Mhariri, riwaya hizi nazo zihakikiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie aina ya vitabu ambayo safu yako ya fasihi huipita kimyakimya. Kwa mwezi mzima uliopita sikusoma kitu kingine isipokuwa riwaya za vijana na riwaya za fantasia ambazo wahusika wake wakuu ni wapenzi wa jinsia moja au watu waliobadili jinsia. Nilianza kwa udadisi, nikitarajia mahubiri, na badala yake nikakutana na mizimu, wawindaji, viumbe wanaotoka kwenye picha, na raha ya kusoma ambayo riwaya nyingi nzito zinazosifiwa kila mwaka hazijanipa.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba fantasia inampa mhusika wa namna hii kazi ya kufanya. Katika riwaya za zamani za vijana, zile zinazosimulia maisha ya kawaida ya shule na nyumbani, mhusika huyo alikuwa akisubiriwa na tukio moja tu, yaani siri yake ifichuke kisha adhabu ifuate. Riwaya ya Mmarekani John Donovan iliyotoka mwaka 1969, "I'll Get There. It Better Be Worth the Trip", ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza ya vijana kugusa jambo hili, imeandikwa kwa ucheshi na kwa jicho kali, hata hivyo, baada ya wavulana wawili kubusiana na mambo kuanza kujulikana, mbwa wa mmoja wao anagongwa na gari na kufa, na kijana anabaki akiamini kwamba yeye ndiye aliyemletea mnyama wake balaa hilo. Mbwa yule, jina lake Fred, hakuwa amemkosea mtu. Nimemhurumia kuliko wahusika wengi wenye miguu miwili. Nancy Garden alipotoa "Annie on My Mind" mwaka 1982, aliwaacha wasichana wake wawili wapite katika misukosuko mikubwa na bado wafike ukurasa wa mwisho wakiwa hai na wakiwa na matumaini, na kwa wakati ule hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

Sasa ipime tofauti kwa kumtazama Jam, msichana wa riwaya ya "Pet" ya Akwaeke Emezi, mwandishi aliyezaliwa Nigeria. Kitabu hicho kilitoka mwaka 2019 na kikafika fainali ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani katika kundi la vitabu vya vijana. Jam alipokuwa mdogo watu walimchukulia kuwa mvulana, naye hakuwa akisema neno kwa sauti. Siku moja mtu alipomsifu kwamba ni kijana mzuri, mtoto yule alilipuka kwa kelele akisema kwamba yeye ni msichana. Wazazi wakamsikia, wakakubali, wakampa msaada aliouhitaji, na mwandishi anaendelea na mambo mengine. Jambo ambalo kwa mwandishi mwingine lingekuwa kitabu kizima, hapa linachukua kurasa chache, kwa sababu kuna zimwi la kuwindwa.

Wanaishi katika mji wa Lucille, ambako watu wazima huwafundisha watoto kwamba mazimwi yalikwisha kushindwa na hayatarudi. Mama yake Jam ni mchoraji, na katika picha aliyokuwa akiifanyia kazi amebandika nyembe. Jam anajikata mkono, damu inadondokea kwenye picha, na kutoka humo kinanyanyuka kiumbe chenye pembe na manyoya ya rangi ya dhahabu ambacho kinamweleza kwamba kimekuja kuwinda. Zimwi lenyewe limo katika nyumba ya rafiki yake wa chanda na pete, nyumba yenye upendo na vicheko ambayo Jam huingia na kutoka kama kwao. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Emezi angewabishia, maana katika Lucille zimwi linalojulikana na kila mtu ndilo linalokula kwa raha zake, kwa kuwa watu wamekubaliana kutoliona. Ugumu wa Jam ni kuwafanya watu wazima waamini kile ambacho wamejifunza kwamba hakiwezekani, na nadhani kila msomaji aliyewahi kuwa mtoto anaujua ugumu huo, awe wa jinsia yoyote.

Riwaya nyingine iliyonikamata ni "Cemetery Boys" ya Aiden Thomas, ya mwaka 2020, inayotokea mashariki mwa Los Angeles katika familia yenye asili ya Amerika ya Kilatini. Katika jamii hiyo wanawake hupewa uwezo wa kuponya, na wanaume hupewa uwezo wa kuzisindikiza roho za wafu zilizokwama duniani. Yadriel ni kijana aliyezaliwa akihesabiwa msichana, na wazee hawataki kumpitisha katika jando la wavulana. Anakwenda kulifanya kwa siri, akisaidiwa na binamu yake, na uwezo unamjia. Ujanja wa mwandishi uko hapo: mjadala ambao familia imeuogopa kwa miaka unaamuliwa tangu mwanzo na mamlaka iliyo juu ya familia yenyewe, kisha inabaki kazi ngumu zaidi ya kuwaambia. Yadriel anaita roho ili awathibitishie jamaa zake, anakosea na kumwita Julian, kijana mtundu wa shuleni kwao, ambaye akishaitwa hataki kuondoka. Nilicheka sana, na ninakiri kwamba mahali pa mapenzi yao niliharakisha kusoma nikihofia mmoja wao alishakufa na hakuna namna ya kulitatua hilo.

Sitasema mengi juu ya "Ash" ya Malinda Lo, iliyotoka mwaka 2009, ambamo hadithi ya yatima na mama wa kambo inageuzwa ili msichana avutiwe na mwindaji mkuu wa mfalme, ambaye ni mwanamke. Ni kitabu cha polepole, cha misitu na ukungu, na kinamfaa msomaji mwenye subira. Nimpendekeze pia Ursula K. Le Guin, ingawa "The Left Hand of Darkness" ya mwaka 1969 haikuandikiwa vijana, kwa sababu safari yake ya watu wawili kuvuka nyanda za barafu wakilala katika hema moja imenifundisha zaidi juu ya kumzoea mtu tusiyemwelewa kuliko makala nyingi za gazetini.

Zipo riwaya dhaifu pia, na sitazitetea. Nilikutana na zile ambazo ulimwengu wake hauna ubaguzi wowote wala sababu yoyote ya kutokuwa nao, mhusika ni mteule aliyetabiriwa kuokoa dunia, na mapenzi yamepachikwa katikati ya vita viwili kama pambo. Uzembe huo upo katika fantasia ya kila aina, na mhakiki mzuri angeukemea. Tatizo ni kwamba mhakiki hayupo. Vitabu hivi husifiwa au hulaaniwa kwa jumla na watu ambao hawajavifungua.

Najua watakuwapo wasomaji watakaouliza kama vinawafaa vijana. Swali ni halali, na hujibiwa kitabu kwa kitabu. Mapenzi katika vingi nilivyosoma huishia kwenye busu na aibu nyingi, na jambo zito kuliko yote, yaani mtoto kudhuriwa ndani ya familia, "Pet" inalishughulikia bila kumwonyesha msomaji tendo lenyewe. Mwaka 1993 nakala za "Annie on My Mind" zilichomwa moto hadharani huko Kansas City, na wilaya moja ya shule ya Kansas, ya mji wa Olathe, ikakiondoa kitabu hicho katika maktaba zake. Wanafunzi na wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1995 jaji wa shirikisho akaamuru kirudishwe. Kabla ya hapo kilikuwa kimekaa rafuni kwa amani muda mrefu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mpe mhakiki wako mmojawapo wa vitabu hivi, akipime kwa vigezo vilevile anavyovitumia kwa riwaya nyingine: mtiririko, lugha, wahusika, mwisho. Ningependa aanze na "Pet". Ni fupi, na nahitaji mtu wa kubishana naye juu ya sura zake za mwisho, ambazo kwa maoni yangu zinaimaliza hukumu ya zimwi haraka mno.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi