Werewolf by Night: namba 1 siyo mwanzo

Ndugu Mhariri,

Siku hizi anayeulizia Werewolf by Night, katuni za kampuni ya Marvel za kijana anayegeuka mbwamwitu, huulizia toleo la 32 tu, la Agosti 1975, kwa kuwa ndimo shujaa Moon Knight alimojitokeza mara ya kwanza. Bei yake nayo imepaa kwa ajili hiyo. Lakini humo Moon Knight ni mamluki, kakodiwa kumkamata Jack Russell, mbwamwitu mwenyewe, kwa silaha za madini ya fedha; moyo unamgeuka katika toleo la 33. Anayenunua la 32 peke yake kanunua nusu ya kisa.

Mtego mkubwa zaidi ni namba zenyewe. Toleo la 1 ni la Septemba 1972, ila mwanzo umo katika mfululizo mwingine, Marvel Spotlight, namba 2, 3 na 4 za mwaka huohuo. Ndimo Jack anapotimiza miaka 18 na kugeuka mbwamwitu, na ndimo mama yake, akiwa mahututi, anapomfichulia laana ya ukoo na kumwapisha asimdhuru Philip, baba wa kambo. Usipokijua kiapo hicho, ugomvi wa nyumba ile utauona wa bure. Ukifika toleo la 15, simama kwanza usome mfululizo mwenzake, Tomb of Dracula, namba 18, maana kisa kinaanzia huko. Wala usihangaike kutafuta namba 1 ya Giant-Size Werewolf, matoleo manene ya mbwamwitu huyuhuyu: haikuchapwa. Mahali pake, kabla ya namba 2, kuna Giant-Size Creatures namba 1, la 1974.

Mbwamwitu huyu asingezaliwa mapema. Kanuni walizojiwekea wachapishaji wa Marekani mwaka 1954 zilipiga marufuku viumbe wa aina yake, hadi zilipolegezwa mwaka 1971. (Mazombi waliendelea kufungiwa, sijui walikosa nini.)

Kwa wanunuzi wa nakala kuukuu: msiridhike na picha ya jalada. Ombeni kuona ukurasa wa barua za wasomaji. Katika matoleo mengi ya 1974 na 1975 Marvel ilichapa humo stempu za kukata na kukusanya, na watoto walizikata kweli. Tundu hilo hula na kilichochapwa upande wa pili, na thamani huporomoka. Angalieni pia kutu kwenye pini zinazoshika kurasa. Palipochanika msipagundishe kwa selotepu. Gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka.

Msomaji wa katuni