Friji Ikizima Usiku Porini, Pima Kabla ya Kununua Betri

"Fundi, betri imekufa tena, na hii nimeinunua Februari tu."

Aliyesema hivyo ni dereva wa Land Cruiser ya kukodisha, zile zenye hema mbili juu ya keria, jiko la gesi mlango wa nyuma na friji ya lita 40 nyuma ya viti. Wageni wake walikuwa wamelala Seronera, katikati ya Serengeti, usiku wa pili. Kulipokucha friji ilikuwa imezima, nyama imeanza kunuka na maziwa ya mtoto wao yamekatika. Alifika kwetu Arusha akiwa na pesa mkononi, tayari kununua betri ya tatu ndani ya miaka miwili.

Hatukumuuzia. "Kaka, betri yako nzima," tulimwambia, tukamwita aje aone mwenyewe kwenye mita. Kwenye vichwa vya betri zilisomeka volti 12.4. Kwenye soketi ya friji, kompresa ikiwa inafanya kazi, zilisomeka 11.6. Karibu volti nzima ilikuwa inapotea njiani, kati ya betri iliyo mbele na nyuma ya gari.

Hilo ndilo kosa tunalokutana nalo kuliko jingine lolote kwenye magari ya kambi, na linawagharimu watu betri ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Ndiyo maana tunalieleza kwa kirefu.

Friji hizi za kompresa zina ulinzi wa betri. Volti zikishuka chini ya kiwango fulani, friji inajizima ili isiikamue betri mpaka mwisho. Nyingi zina viwango vitatu vya kuchagua. Cha juu hukata mapema, volti zikiwa bado juu ya 11. Cha chini husubiri mpaka zikaribie 10. Kila chapa ina tarakimu zake, lakini zote zinapima umeme unaofika kwenye friji yenyewe. Kilichobaki kwenye betri kule mbele haziwezi kukijua. Kwa hiyo betri inaweza kuwa na nusu ya chaji yake, na friji ikaamini imekwisha.

Umeme unapotelea wapi? Kwanza kwenye waya mwembamba. Gari likitoka kiwandani, soketi ya nyuma imefungiwa waya wa kuchajia simu. Chukua waya wa milimita mraba 1.5, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, upitishe ampia 5. Utapoteza kama volti 0.6, hata kama kila kiungo ni safi. Badilisha uweke waya wa milimita mraba 6, upotevu unashuka hadi takriban 0.15. Kompresa inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo, na ndipo friji inapojikata. Ikishajikata, mzigo umeondoka, volti zinapanda tena, friji inajaribu kuwaka, inajikata. Ukiisikia usiku inawaka na kuzima kila baada ya dakika chache, angalia waya kwanza.

Pili ni viungo. Mtu aliyeendesha kutoka lango la Naabi kwenda Seronera kiangazi anaijua barabara ile, vituta vidogo vidogo vilivyopangana kilomita baada ya kilomita. Mtikisiko ule unalegeza nati ambazo fundi alizikaza vizuri kabisa. Soketi ya sigara, ambayo inashikilia plagi kwa springi tu, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tunaitoa, tunaweka plagi ya kufunga kwa skrubu. Ukipita Ziwa Natron, vumbi lenye magadi linaingia kila mahali na kula shaba. Kama kwenye vichwa vya betri kuna unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, osha kwa maji ya moto yenye magadi soda bila kuyaruhusu yaingie ndani ya betri, kausha, kaza, paka grisi kidogo. Hasi irudishwe mwisho.

Kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Mita ya kawaida ya madukani inatosha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini na friji ikiwa imezimwa kwa muda, pima betri. Kwa betri ya asidi ya volti 12, ikiwa imepumzika, 12.7 ni kujaa, 12.2 ni kama nusu, na chini ya 12 unaiumiza. Kisha washa friji, subiri kompresa izunguke, upime kwenye betri na mara hiyohiyo kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi 0.3, usinunue kitu chochote kabla ya kushughulikia waya na viungo. Mwisho washa injini, pima tena kwenye betri ya pili, ile inayolisha friji, si ya kuwashia injini. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona 12 na kitu, umeme wa alteneta (jenereta inayozungushwa na injini) hauifikii betri hiyo. Angalia fyuzi na relei (swichi ya umeme) ya kuunganisha betri mbili. Kwenye magari mapya ambayo alteneta inaongozwa na kompyuta, relei ya kawaida mara nyingi haifai. Hayo yanataka chaja maalumu inayokaa kati ya betri na betri.

Kuna wakati betri kweli haitoshi, na hapo ni hesabu tu. Friji ya aina hii inavuta kama ampia 4 kompresa ikizunguka. Siku ya joto ikizunguka nusu ya muda, kwa saa 24 umetumia karibu ampia-saa 48. Betri ya asidi ya ampia-saa 100 hupaswi kuitumia zaidi ya nusu kama unataka idumu. Yaani una siku moja. Madereva wengi hutuambia, "Lakini kutwa nzima tulikuwa tunaendesha." Gari la kuangalia wanyama haliendeshwi kutwa. Linazimwa saa nzima mbele ya simba, linasogea mita mia, linazimwa tena. Na betri ya asidi hupokea sehemu ya mwisho ya chaji polepole sana, kwa saa nyingi. Paneli ya sola ya wati 100 juu ya keria inasaidia kweli, kama ampia 5 jua likiwa kali, lakini haifanyi kazi chini ya mgunga. Kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinatosha kuikata sehemu kubwa ya nguvu yake. Dereva anatafuta kivuli kwa ajili ya wageni na hatumlaumu. Ndiyo maana tunapendekeza paneli ya pili ya kukunja, yenye waya mrefu, ya kuweka juani.

Friji nayo isaidiwe. Iwashe nyumbani kwa umeme wa Tanesco usiku wa kuamkia safari, na soda ziingie zikiwa zimeshapoa. Usiibane kwa mablanketi upande wenye feni. Tumefungua friji ambazo feni yake haizunguki kabisa kwa vumbi, na kompresa inahangaika mchana kutwa bila kupoza chochote.

Fyuzi tunaisema kwa kila mteja. Waya wowote unaotoka kwenye betri kwenda nyuma uwe na fyuzi yake shubiri moja tu kutoka kichwa cha chanya. Waya huo unapita chini ya zulia na kwenye vyuma, na siku utakapochubuka bila fyuzi, unawaka moto gari likiwa na watu waliolala juu yake.

Gesi pia ni jambo la uhai. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni mwa gari. Paka povu la sabuni kwenye regula na mpira kila ukibadilisha mtungi, ukiona mapovu yanakua, funga. Mtungi ukae mahali penye upenyo wa chini wa kutolea hewa. Na kule ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi kali, na kuna wanaoshawishika kuingiza jiko ndani ya gari au hema wapate joto. Tafadhali, msifanye hivyo kamwe, la gesi wala la mkaa. Moshi wake unaoua hauonekani na hauna harufu. Ongezeni blanketi.

Pampu ya maji ikijiwasha usiku hakuna aliyefungua bomba, kuna mahali panavuja. Kaza vibana vya mipira.

Betri nyingi tunazozitupa hazikufia porini. Zilifia uani, Aprili na Mei, mvua za masika, magari yamepumzika. Betri ya asidi ikiachwa nusu, chumvi ngumu inajijenga juu ya bamba za risasi na haitoki tena. Ichaji ijae kabla ya kuegesha, fungua hasi, irudie chaja kila mwezi. Kama ni ya kufunguliwa, ongeza maji safi ya betri yasiyo na madini. Maji ya bomba ya huku kwetu Arusha yana madini mengi, floridi ikiwemo, hayafai. Wala usiongeze asidi kama baadhi ya mafundi wanavyofanya ili "iamke". Kilichopungua kwa kukauka ni maji, na asidi ikizidi inakula bamba.

Ukituletea gari, lilete siku mbili kabla ya safari, na friji yake ndani ikiwa imepakiwa kama unavyosafiri nayo. Tunaiacha iwake usiku kucha bila kuwasha injini, na saa 12 asubuhi tunasoma mita ukiwepo. Yule dereva tulimfungia waya wa milimita mraba 6, plagi mpya na fyuzi, tukamwekea ulinzi wa friji kwenye kiwango cha kati. Betri ya Februari bado iko kwenye gari lake.