Mkono uliopooza upewe kazi ya bustani

Mhariri,

Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani, hapa kwetu Pemba jambo la kwanza ni kumtafutia mchuaji. Mkono unachuliwa kwa mafuta ya karafuu asubuhi na jioni, mwenyewe amekaa kitako anatazama. Kuchua kunaburudisha, hatukatai, lakini hakuurudishi mkono kazini. Ubongo hujifunza upya pale mgonjwa anapokusudia mwenyewe kuutembeza mkono, tena akarudia mara nyingi. Bustani ya uani inampa sababu ya kurudia.

Ila asipewe jembe wala asiinamishwe kwenye tuta. Kuinama kunaleta kizunguzungu, hasa kwa anayetumia dawa za presha. Toboa beseni chini, lijaze udongo na mboji, uliweke juu ya meza ili ukingo wake ulingane na kiwiko chake akiwa amekaa. Kiti kiwe na mgongo na nyayo zote mbili zikanyage chini.

Ambaye vidole bado havijatii aanze kwa kusawazisha udongo kwa kiganja, mbele na nyuma, mkono wake usiopooza ukiongoza juu yake. Vidole vikianza kushika, aokote mbegu: maharage kwanza, kisha kunde, kisha choroko. Mchicha uje mwisho kabisa, mbegu zake zinamshinda hata mzima. Mbegu tano hazitoshi. Tunataka hamsini, moja moja, na zilizozidi zirudi bakulini ziokotwe tena.

Kuachia ni kugumu kuliko kushika. Mbegu inabaki kwenye ngumi na watu wa nyumbani wanakimbilia kumvuta vidole, navyo ndiyo vinazidi kukaza. Uinamishe taratibu mkono kwenye kifundo, kiganja kielekee chini, na mara nyingi vidole vitalegea vyenyewe.

Kitazameni sana kifua. Beseni likiwa mbali, mgonjwa husogeza kiwiliwili chote na kupandisha bega, kiwiko hakinyooki hata kidogo. Kazi inafanyika, mkono haujafanya kitu. Lisogezeni karibu, kisha mlirudishe nyuma kidogo kidogo kila anapoimudu hatua. Kanga ikifungwa kwa ulaini kifuani na kwenye mgongo wa kiti humkumbusha asiegemee mbele, maadamu yupo mtu karibu.

Mpini wa koleo dogo uviringisheni mpira wa ndani wa baiskeli mpaka unene ufike sentimita 3 au 4. Kumwagilia, chupa ya nusu lita yenye kifuniko kilichotobolewa, ijazwe robo tu mwanzoni.

Anayeharibu zoezi mara nyingi ni mjukuu mwenye huruma. Anaona bibi anahangaika na kunde moja dakika nzima, anamalizia yeye. Mwacheni bibi ahangaike, maana dakika ile ndiyo dawa yenyewe. Robo saa asubuhi kabla ya jua kali na robo saa baada ya alasiri inafaa kwa kuanzia.

Bega lina hatari zake. Misuli ikilegea, mfupa wa mkono hushuka kwenye kiungo, kwa hiyo asiinuliwe kitini kwa kuvutwa mkono, na vyungu vya kuning'iniza visubiri. Mkono usiohisi nao haujui kuwa umekatwa: majani ya mchaichai yana makali, na pilipili itabaki kwenye vidole hadi afikiche macho. Kila akimaliza, oshani mkono na mwangalie hadi katikati ya vidole.

Bega likiuma au kiganja kikivimba, simamisheni kazi na mumpeleke kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini. Mdomo ukienda upande, maneno yakivurugika au udhaifu mpya ukimjia ghafla, awahishwe hospitali saa ile ile, bila ya kungoja kupambazuke.

Wahudumu wa mazoezi ya viungo,
Chake Chake, Pemba