Tofali jepesi lipimwe kwa mvua ya Tukuyu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwashi hapa Tukuyu. Naomba nafasi niseme kuhusu matofali mepesi ya mashapo, yaani tope linalozolewa mitoni na kwenye mabwawa.

Wazo lenyewe nalipenda. Mto Ruaha Mkuu unashusha tope bwawa la Mtera kila masika, na sisi tunazidi kuchimbua mito kutafuta mchanga. Tena tuko kwenye Bonde la Ufa: ardhi ikitikisika, nyumba nyepesi huelemewa kidogo kuliko nzito. Wepesi si kasoro. Kuba la Pantheon kule Roma lina mawe mepesi ya volkano, kama haya yetu ya Rungwe, na limesimama karibu miaka 1,900.

Ninachokataa ni matofali ya tope bichi kuuzwa kwa jina hilo la matofali mepesi. Taiwan, mashapo ya bwawa la Shihmen yamefinyangwa vidonge na kuchomwa tanurini kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, mpaka yakavimba yakawa kokoto yenye vitundu vya hewa ndani na ganda gumu nje. Tope lisiloiva halina ganda. Likichanganywa na mchanga na saruji kufyatua tofali, chembe zake laini huuvaa mchanga, saruji ikakosa pa kushika.

Mwaka jana niliuziwa matofali ya namna hiyo, nikajengea jiko la mama yangu. Masika hayajaisha, kozi (safu za matofali) tatu za chini zikaanza kumomonyoka. Ukikwaruza kwa kucha, unga unatoka. Tofali moja lililobaki nikalipima kwenye mizani ya ndizi: kilo 11. Nikalizamisha kwenye pipa usiku kucha. Asubuhi, kilo 14!

Cheti nilichoonyeshwa kilikuwa cha nguvu ya kubeba mzigo siku ya 28 tangu tofali lifyatuliwe, basi. Hapa tunapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Zege linalonyonya hivyo likiwekwa nondo, nondo itashika kutu, kutu itavimba na kulipasua.

Naiomba TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wapime unyonyaji wa maji, na kulowa na kukauka mara nyingi, kabla matofali haya hayajasambaa. Pia ujengwe ukuta wa majaribio usiopigwa ripu, unyeshewe masika mawili, na majibu yabandikwe ofisi za kata. Kiwanja cha ukuta huo ninacho nyuma ya nyumba, na kujenga nitajenga bure.

Fundi mwashi,
Tukuyu, Rungwe