Malalamiko Kuhusu Hati ya Bima ya Ndege Isiyolingana na Makadirio

Kwa Meneja,
Kitengo cha Bima za Ndege.

YAH: HATI ILIYOPUNGUZA KINGA TULIYOAHIDIWA

Ndugu Meneja,

Tunawarudishia hati ya bima ya ndege zetu mbili, ile ya kukodishwa yenye viti 9 vya abiria na ile ndogo ya matumizi binafsi, bila kuitia saini. Tumeilinganisha na makadirio mliyotupa tulipokuwa tukipima kampuni ya kuichagua. Ada ni ileile. Kinga siyo.

Liko jambo ambalo peke yake lingetosha kuikataa. Makadirio yalitaja kikomo cha pamoja cha dola milioni 10 kwa kila ajali, kwa abiria na kwa watu wengine watakaodhurika. Hati nayo inataja milioni 10 hizohizo, kisha kiambatisho cha mwisho kinasema dai la abiria mmoja halitazidi dola 100,000. Kwa viti 9 hiyo ni dola 900,000 kwa abiria wote. Milioni 9 na ushei zilizobaki haziwezi kumfikia abiria hata mmoja.

Mnajua vizuri uzito wa hilo. Kwa safari za kimataifa za kulipwa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unambebesha msafirishaji dhima ya kifo au majeraha ya abiria hadi SDR 151,880 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), kiwango kinachotumika tangu tarehe 28 Desemba 2024, bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe. SDR moja ina thamani kubwa kuliko dola moja, hivyo kikomo chenu hakijafika hata ngazi hiyo ya kwanza. Juu yake dhima haikomi. Ni msafirishaji anayetakiwa aonyeshe kwamba hakuzembea. Ndege ya kukodishwa ikitua au kuruka kutoka nchi ya Umoja wa Ulaya, Kanuni ya umoja huo ya 785/2004 inataka kinga ya SDR 250,000 kwa kila abiria. Tunadai kikomo hicho kidogo cha dola 100,000 kifutwe kabisa kwa ndege ya kukodishwa. Kwa ile ya binafsi tuko tayari kuzungumza, kwa kuwa haifanyi biashara ya usafirishaji, lakini kiwango kiandikwe ukurasa wa kwanza, mahali mnunuzi anapotazama.

Kuhusu injini, mmenukuu sehemu ya kwanza ya kifungu kinachojulikana na kuikata ya pili. Kifungu hicho huondoa uharibifu unaojijenga kidogo kidogo, nasi hatulipingi hilo: uchakavu ni gharama ya matengenezo. Ila kwa kawaida huendelea kusema kwamba uharibifu uliotokana na tukio moja lililorekodiwa unalipwa. Bila maneno hayo, jiwe la njia ya kurukia likimezwa na injini na kukwaruza mapanga ya kompresa, mkaguzi wenu anaweza kuuita uchakavu. Yarudisheni. Kwa upande wetu, kila tukio la namna hiyo huandikwa kwenye daftari la kiufundi la ndege siku hiyohiyo, pamoja na safari husika na ukaguzi uliofuata.

Makadirio yalimruhusu rubani yeyote mwenye leseni halali, saa 1,500 za jumla na saa 100 kwenye aina hiyo ya ndege. Hati inawataja marubani wawili tu kwa majina. Mmoja akiugua, mbadala mwenye sifa zote anairusha ndege isiyo na bima. Zaidi ya hapo, mmeliandika sharti hili kwa namna ambayo likivunjwa, kinga yote inasitishwa, hata kwa mvua ya mawe iliyoipiga ndege ikiwa imefungwa kwenye maegesho. Sharti la rubani lihusu hasara iliyotokea akiwa anarusha, basi.

Thamani ya bodi, yaani ndege yenyewe, irudishwe kuwa thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo, siyo bei ya soko ya siku ya hasara. Bei ya soko huleta mabishano wakati ambapo mwenye ndege tayari anadaiwa na benki.

Kinga ya hatari za vita na hujuma imewekwa kwa kampuni nyingine, na notisi ya siku 7 ya kuisitisha tunaielewa. Kinachokosekana ni kifungu cha kugawana nusu kwa nusu. Ndege ikipotea na isijulikane kama ni ajali au hujuma, kila upande utasema dai ni la mwenzake. Kifungu hicho huzifanya kampuni zote mbili zitangulize nusu ya malipo, ndipo zikabishane zenyewe.

Mwisho, hati inasema imesainiwa "kwa niaba ya wabimaji washiriki" bila orodha. Kila mbimaji, yaani kampuni ya bima inayoshiriki, hulipa sehemu yake tu na hamfidii mwenzake aliyeshindwa, kwa hiyo majina na asilimia ya kila mmoja ni sehemu ya bidhaa tunayonunua. Alama ya uimara wa kifedha mliyotuonyesha ni ya kampuni mama. Tupeni ya ile hasa inayotia saini.

Tunaomba hati iliyosahihishwa ndani ya siku 10 za kazi, pamoja na barua ya kinga ya muda inayofuata masharti ya makadirio. Mpaka tuipate, ndege zote mbili zitabaki chini na awamu ya kwanza ya ada hatutailipa.

Wenu,
Idara ya Usalama na Bima,
kwa niaba ya mwendeshaji wa ndege